Mnaounda magondola ya HO (modeli za mabehewa ya mizigo yasiyo na paa, kwa kipimo cha 1:87): mliyapata wapi, na yapi yaliwakuta? Tupeane uzoefu

reli_maryland: Wakuu, leo nimekutana na picha ya gondola la Vita Kuu ya Pili, mbavu za mbao kwa sababu chuma kilitakiwa kwenye meli na vifaru. Moyo ukanidunda. La kwangu nililipata kwenye maonyesho ya treni ndogo ya Timonium, Maryland, chini ya meza, boksi halina hata maelekezo. Rezini tupu, na ubavu mmoja umepinda. Nyie je?

mama_ohio: Kupinda kusikutishe. Maji ya moto, kisha ubane kati ya vioo viwili mpaka upoe. Gundi ya plastiki haishiki rezini, tumia supagluu.

fundi_bogi: Naunga mkono.

mkuu_wa_yadi: Mmenikumbusha mbali. Maonyesho, ukumbi umejaa watoto. Waliopanga treni wakaliweka gondola langu tupu nyuma tu ya injini, halafu msururu wa mabehewa mazito ya makaa. Nikawaambia hilo jepesi lipelekeni mkiani. Wakasema hakuna muda. Treni ilipoingia kona huku inapanda, injini inavuta mbele, mzigo unavuta nyuma, gondola likanyooshwa kuelekea ndani ya kona kama kamba inayokazwa. Magurudumu yakapanda juu ya reli, likalala. Yaliyofuata yakaanguka nalo, mengine hadi sakafuni. Zile ngazi za pembeni nilizikunja moja moja kwa waya na koleo. Mtoto mmoja aliziokota kwenye zulia akaniwekea kiganjani. Sikuweza hata kumwambia asante.

safari_toronto: Pole sana mkuu!! Walikuomba radhi?

mkuu_wa_yadi: Mmoja tu.

reli_maryland: Inauma aisee.

fundi_bogi: Kiini ni uzito. NMRA, chama cha waundaji wa treni ndogo Marekani, wanapendekeza aunsi 1, ongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Gondola la futi 52 na nusu kwa HO ni kama inchi 7.2, kwa hiyo gramu 130 hivi. Behewa lenye paa unaficha nati ndani, hili liko wazi. Bandika vipande bapa vya madini ya risasi chini ya sakafu, katikati ya mihimili.

mama_ohio: Risasi, sumu ile, kwenye nyumba yenye watoto? Hapana. Metali ya tangsteni ipo, nayo ni nzito.

fundi_bogi: Bei yake umeiona, dada? Mimi navaa glavu na kunawa.

mama_ohio: Na vumbi linalobaki mezani nalo limevaa glavu?

safari_toronto: Jazeni vyuma chakavu, uzito ufichwe chini ya shehena. Ugomvi umekwisha.

fundi_bogi: Haujaisha. Mimi nalitaka tupu, ionekane kutu na mbavu zilivyobonyea.

pwani_mombasa: Mimi naunda behewa wazi la reli ya zamani ya Mombasa–Kisumu, nakata mwenyewe karatasi ya plastiki. Geji (upana kati ya reli mbili) ya mita 1 kwa 1:87 ni milimita 11.5. Magurudumu nitoe wapi?

safari_toronto: Tafuta ya HOm, yaani HO ya geji ya mita, milimita 12, wanayotumia wanaounda treni za milimani Uswisi.

mama_ohio: Magurudumu sawa, ila bogi, zile fremu zinazobeba magurudumu, ziunde mwenyewe, za Uswisi hazitafanana. Mkuu wa yadi, nitumie vipimo vya zile ngazi. Waya wa shaba ninao.