Mtoto kapima kivuli, kaandika saa 6:25, kakoseshwa. Darasa la udadisi la Jumamosi lifutwe?

MamaTabata
Wadau, habari za leo. Binti yangu yuko darasa la nne, shule moja huku Tabata. Tangu Januari shule ina kitu wanaita darasa la udadisi, kila Jumamosi: watoto 30, mwalimu mmoja, hakuna kunakili ubaoni. Wamepima mvua ya masika kwa chupa za maji zilizokatwa. Wamechimba mchanga wa uwanjani kuona wa juu na wa chini upi unashika maji. Wamefuga viluwiluwi vya mbu kwenye chupa iliyofungwa chandarua mpaka mbu wakatoka. Mwezi huu wa Agosti wamesimamisha ufito wa mita moja, wanafuatilia kivuli chake.

Juzi kukawa na jaribio la wiki. Swali: "Kivuli huwa kifupi zaidi saa ____ mchana." Binti akaandika 6:25. Akakoseshwa, jibu ni saa 6. Amelia njia nzima, neno ni moja tu: "Mama, tulipima."

Nilipokwenda kuuliza, mwalimu wa darasa akasema hilo ndilo tatizo la Jumamosi, linawachanganya watoto na upimaji wa kitaifa ni Oktoba. Sasa kamati ya shule inataka Jumamosi irudi kuwa rimidio, masomo ya ziada ya kujiandaa na mtihani. Kikao cha wazazi ni wiki ijayo. Mimi sitaki lifutwe. Nyie mnaonaje?

Mhasibu_Kigamboni
Pole kwa binti, dada. Ila mwalimu wa darasa yuko sahihi. Upimaji hausahihishwi na jua, unasahihishwa na mtu mwenye mwongozo mkononi. Miezi miwili imebaki, mtoto anatakiwa afanye maswali mpaka ayaote.

Halafu tuseme ukweli, hayo ya fito na chupa ni ya shule za ada. Kayumba, hizi shule za serikali, watoto 120 chumba kimoja, nani atafuga viluwiluwi? Mwalimu wa Kayumba akimaliza silabasi tu tumshukuru Mungu.

ChakiNyeupe
Nilikuwa nasoma vizuri mpaka nilipofika "akimaliza silabasi tu". Mimi ni mwalimu wa Kayumba, Temeke, mwaka wa 14 huu. Darasani kwangu wapo 112. Mwaka jana mzunguko wa maisha ya mbu niliufundisha kwa ndoo mbili na mitungi ya jamu. Nikawagawa makundi, kundi moja likaenda kwenye mtaro wa nyuma ya vyoo, jingine kwenye dimbwi la mvua pembeni ya barabara. Mtaroni wakakuta viluwiluwi vinavyoning'inia kichwa chini, vinapumua kwa mrija wa mkiani. Hao ni kuleksi. Kwenye dimbwi wakakuta vinavyolala sambamba na uso wa maji. Hao ni anofelesi, wenye malaria. Mpaka leo wanavitofautisha bila kitabu, na wapo waliokwenda nyumbani kumwaga maji kwenye matairi. Usinishukurie Mungu kwa silabasi, kaka. Njoo uone.

KijanaSinza
Asante mwalimu. Mimi ni zao la Kayumba, na hii tabia ya kututaja kama mfano wa kila kisichowezekana imenichosha. Mhasibu, wanao wanasoma wapi?

Mhasibu_Kigamboni
Wanangu wanahusika vipi hapa? Na mimi nimesoma Kayumba, tulikaa chini kwenye sakafu yenye mashimo. Ndiyo maana najua. Sikumtukana mwalimu yeyote, nimesema mazingira.

KijanaSinza
Hujajibu. Inglishi Midiamu, sivyo?

Mhasibu_Kigamboni
Ndiyo, na nailipa kwa jasho langu. Unataka risiti?

MamaTabata
Jamani. Mhasibu, shule ya binti yangu ni ya serikali. Ufito aliutoa fundi jirani, chupa zimeokotwa gengeni, kamba tulitoa sisi wazazi. Sijui nani kakwambia ni shule ya ada.

Mhasibu_Kigamboni
Basi hongereni. Bado mtoto kakosa alama.

Namba_Tasa
Niulize swali la maana, maana mnagombania shule. Ufito wa mita moja, Dar, mwezi huu, kivuli cha mchana ni kama sentimita 30 na kidogo. Dakika tano kabla na dakika tano baada ya kile kifupi kabisa, tofauti haifiki hata milimita moja. Mtoto wa miaka 10 na rula ya plastiki kaionaje? Nina wasiwasi mwalimu kawapa jibu, wao wakadhani wamepima.

Pia kuna makala ya 2006 ya watafiti wa elimu, Kirschner, Sweller na Clark. Hoja yao ni kwamba mwanafunzi anayeanza, asiye na msingi, ukimwacha agundue mwenyewe akili inajaa na hashiki kitu, anahitaji kufundishwa waziwazi kwanza. Mimi si mpinzani wa Jumamosi. Nauliza hao watoto wana msingi gani.

KijanaSinza
Tumeanza kutajiwa Wazungu.

MamaTabata
Namba Tasa, swali lako zuri, nimemwuliza binti jana usiku. Hawakupima kifupi kwa rula. Wiki ya kwanza walijaribu hivyo, kila kundi likaja na saa yake, wakagombana. Mwalimu akawaambia wachore duara kwa kamba, ufito katikati. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinafupika mpaka ncha inagusa duara, unaandika saa. Mchana kinarefuka, kinagusa tena, unaandika. Iligusa saa 4:40, ikagusa tena saa 8:10. Katikati yake ni saa 6:25. Hesabu ya kugawanya kwa mbili wamefanya wenyewe. Wamerudia Jumamosi mbili, safari ya pili ikaja saa 6:24.

Namba_Tasa
Kwa duara, sawa, nakubali kipimo. Na mnaona mwalimu alivyowaingizia njia baada ya wao kukwama? Huko ndiko kufundisha waziwazi ninakosema.

FundiMbagala
Wakuu, mimi ni fundi uashi, niseme la kwangu. Huo ufito uliwekwa timazi? Ukilalia upande wa magharibi hata kidogo, saa zote zinahama. Na uwanja lazima upigwe pima maji, viwanja vya shule vina mteremko wa kupeleka maji mtaroni. Mwalimu akinifuata nampa timazi bure. Mwanangu yuko la tano, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi ya baba yake ni sayansi.

BintiUstadhi
Nashangaa mnabishana juu ya jambo ambalo kila msikiti hapa mjini una kalenda yake ukutani. Adhuhuri haiingii saa sita kamili. Inaingia jua likishapinduka, na jua la Dar halipinduki saa sita juu ya alama. Marehemu babu alikuwa akichomeka kijiti uani kwetu Kariakoo, anatazama kivuli kikianza kurefuka upande wa mashariki, ndipo anasema wakati umeingia. Huyo mtoto hajakosea. Waliomkosesha hawajawahi kujiuliza kwa nini adhana wanaisikia pale wanapoisikia.

Mhasibu_Kigamboni
Sasa mtihani wa sayansi tuupeleke msikitini?

BintiUstadhi
Sikusema hivyo na unajua sikusema hivyo. Nimesema babu yangu alipima.

Namba_Tasa
Mhasibu, acha. Dada yuko sahihi na sababu yake inajulikana. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambako ni jirani na Mogadishu. Dar iko nyuzi 39 na kitu. Kila uzi mmoja ni dakika nne. Tofauti inakuja dakika 23 hivi, na Agosti zinaongezeka dakika chache kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama na mwendo wake kulizunguka jua hauko sare mwaka mzima. 6:25 ya mtoto imekaa palepale. Saa sita kamili ni jibu la mtu anayeishi Mogadishu.

ChakiNyeupe
Nimefundisha miaka 14 kwamba ni saa sita. Leo ndiyo nimejua. Kesho naenda na kamba.

KijanaSinza
Mnamsahau Erasto Mpemba, Mtanzania mwenzenu. 1963, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu shuleni. Akaweka maziwa yake yakiwa ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Kumwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa akamwuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar, wenzake wakacheka, Osborne akaenda kujaribu. Wakachapisha pamoja, 1970 nadhani. Dunia nzima jambo lile linaitwa kwa jina lake. Ingekuwa Mhasibu ndiye mwalimu, tungekuwa na rimidio tu.

Namba_Tasa
1969. Na useme yote: 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu, hawakuiona hiyo tofauti. Bado inabishaniwa.

KijanaSinza
Kwa hiyo Mpemba ni mwongo? Kila akitokea Mtanzania lazima atafutwe wa kumshusha?

Namba_Tasa
Sijasema mwongo. Alisema alichokiona, akauliza, akarudia, watu wanapima mpaka leo. Mimi hilo naliona kubwa kuliko kuwa sahihi.

KijanaSinza
Umerekebisha kauli.

Mhasibu_Kigamboni
Mmefika Lushoto, mmefika Mogadishu. Mimi narudi Tabata. Oktoba swali lile likija, binti aandike nini? Hilo hamtaki kulijibu. Nina mdogo wangu alikuwa na akili za kuhoji kila kitu, mtihani wa la saba hakuchaguliwa, na sisi hatukuwa na ada ya kumpeleka kwingine. Leo anaendesha bodaboda Gongo la Mboto, bado anahoji kila kitu, hakuna anayemsikiliza. Msinione adui wa watoto. Naogopa kwa sababu nimeshuhudia.

ChakiNyeupe
Hilo ungelisema mwanzo, kaka, tusingefika huku. Pole kwa mdogo wako. Mimi nitawaambia wangu waandike saa sita, halafu mdomoni wajue ni saa ngapi kweli. Na naona vibaya kusema hivyo.

BintiUstadhi
Mwalimu, hapana. Ukimwambia mtoto aandike asichokiona ili apate alama, umemfundisha jambo jingine kabisa. Swali ndilo libadilishwe. Liulizwe "karibu na saa ngapi", wote wawili wapate.

Mhasibu_Kigamboni
Na atakayelibadilisha yuko kwenye huu mjadala?

FundiMbagala
Mama Tabata, kikao ni siku gani? Nakuja na timazi.

MamaTabata
Jumatano saa 9 alasiri, fundi, karibu sana. Nitaiomba kamati Jumamosi igawanywe, saa mbili za kwanza rimidio, zinazobaki udadisi. Najua wapo watakaonuna pande zote. Ila duara litabidi lianze mapema zaidi kuliko wao wanavyotaka, maana kivuli cha asubuhi hakingoji rimidio iishe. Binti anasema ikifika mwisho wa Oktoba, siku za upimaji wenyewe, kivuli cha mchana kitakuwa kimehamia upande wa kaskazini. Anataka kukiona kikivuka.

ZiwaTanganyika
Nimechelewa, nawasoma kutoka Kigoma. Baada ya kuona maelezo ya duara nilimtoa mwanangu nje jana na mpini wa jembe na kamba ya kuanikia nguo. Tumerudia leo. Huku katikati imetoka saa 7:05. Saa saba na dakika tano, wakuu, na swali la upimaji ni lilelile moja nchi nzima.

MamaTabata
Nimemsomea binti. Ameomba Jumamosi ijayo mwanao apime siku moja na yeye, mpini uwe mita moja kamili, na umwandikie hapa saa zote mbili, siyo ya katikati peke yake.

ZiwaTanganyika
Mwambie tunakata mpini leo.