Mrejesho: baindingi za ski kwa mtu wa kilo 98

Wakuu, niliwauliza nifunge baindingi gani (vile vishikio vinavyobana buti kwenye ski, mbao za kuteleza kwenye theluji) baada ya zile za zamani kupasuka plastiki ya kisigino huku Trysil, Norwei. Mlinichana ukweli: zangu zilikuwa zinaishia DIN 10 (DIN ni kipimo cha jinsi zinavyobana buti kabla ya kuliachia ukianguka), nami nilishazikaza hadi 9, na kwa kilo hizi na mwendo wangu zilikuwa zinaumia tu. Nimechukua Marker Griffon, ya DIN 4 hadi 13. Fundi alipima soli ya buti, akauliza umri, urefu na uzito (nilitaka kujipunguzia kilo tano, akanitazama tumbo akacheka), akaweka 8.5. Siku ya nne nilianguka vibaya, buti likachomoka lenyewe, goti salama. Breki tu (vile vikono vinavyozuia ski isitoroke buti likichomoka) zinakwaruza ukingo wa ski. Nitarudi anibadilishie zenye upana zaidi.