Valvu zote zimo kichwani mwa fundi mmoja: tuanzie wapi na ramani ya kidijitali?

Msimamizi wa mtandao wa maji: Habari wadau. Michoro yetu ya mabomba ni ya karatasi, mingine imeliwa na mchwa. Zilipo valvu anajua fundi mmoja, naye anastaafu karibuni. Juzi bomba kuu lilipasuka usiku. Tulichimba mashimo matatu ndipo tukaipata valvu ya kufungia. Iliniuma sana kuona maji yale yakipotea. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na huyo mzee, kabla hujanunua chochote. Nimeifanya kazi hii, najua. Tembea naye mtaa kwa mtaa, kila valvu ipigwe picha, uandike kipenyo, aina ya bomba, na inafungwa kwa kuzungusha upande gani (zipo zinazofungwa kinyume, na hizo ndizo huvunjwa kwa kulazimishwa upande usio wake). Programu ya kuchora ramani ya QGIS ni ya bure na inatosha.

Jibu: Naongezea: GPS ya simu hukosea mita kadhaa, zaidi kwenye majengo marefu. Kwa kitu kilichozikwa, hayo ni mashimo yako matatu tena! Pima pia kwa futi ya kamba kutoka pembe mbili za ukuta usiohama.

Msimamizi wa mtandao wa maji: Shukrani sana. Na nani aisasishe ramani?

Jibu: Yule aliyechimba. Sisi hatufungi fomu ya matengenezo mpaka badiliko liingie kwenye ramani siku hiyohiyo.