Naombeni ushauri: kuchambua wigo wa mwanga wa tishu kwa laptopu ya kawaida

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya, baridi inang'ata na laptopu ndiyo jiko langu kwa sasa, feni yake hainyamazi tangu jana.

Nina picha za ngozi ya kiganja. Picha moja ni pikseli 512 kwa 512, na kila pikseli imebeba wigo wake, yaani kiasi cha mwanga katika bendi (vipande vya rangi) 60, kuanzia nanomita 500 hadi 650. Yaani wigo 262,144 kwa picha moja tu! Natafuta himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) yenye oksijeni, ile ya vilele viwili vya kufyonza mwanga karibu na nanomita 542 na 577, niitenganishe na isiyo na oksijeni, yenye kilele kimoja karibu na 555. Programu yangu ya Python inapita pikseli mojamoja: inakisia kiasi cha kila aina, inarekebisha, inakisia tena. Juzi ilikesha, saa kumi alfajiri umeme ukakatika na sikuwa nimehifadhi kitu. Nilibaki kuchemsha chai tu.

Jamaa yangu anasema niache kukisia, nipitishe kila wigo kwenye Fourier (hesabu ya kuugawa mchoro kuwa mawimbi), nichukue namba mbili tu za harmoniki ya kwanza, lile wimbi refu kuliko yote. Kila pikseli inakuwa nukta moja kwenye mchoro, zinazofanana zinajikusanya zenyewe. Ni kuzidisha matriksi tu.

Wasiwasi wangu ni melanini, ile rangi asilia ya ngozi. Inafyonza mwanga kote, zaidi kwenye mawimbi mafupi, nahofia itazivuta nukta zote upande mmoja. Mliowahi kufanya, mliiondoa kabla au baada ya Fourier? GPU (kadi ya michoro ya kuharakisha hesabu) sina.