Ukoo wa Bibi: gumzo la tarehe 5 Novemba

*Mdogo Wetu:* Shikamooni wote. Shangazi, mwalimu katupa kazi ya mtu ambaye barabara imepewa jina lake, mi nimechagua Bibi Titi Mohamed coz nashuka barabarani kwake, kituo cha Maktaba, kila siku. Naanzia wapi?

*Shangazi Mwalimu:* Marahaba mwanangu. Tena umechagua siku yenyewe, alifariki 5 Novemba 2000, Johannesburg, alikopelekwa kutibiwa. Mungu amrehemu.

*Mjomba wa Temeke:* Amin. Anzia TANU basi, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, 1955, mwenyekiti wa kina mama.

*Shangazi Mwalimu:* Hapana kaka, aanzie kwenye ngoma. Bibi Titi alizaliwa Dar 1926, kasoma miaka minne tu, kaozwa angali binti mdogo, na mjini alijulikana kwanza kama muimbaji, alikua anaongoza kikundi cha Bomba. Sasa 1955 akaja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza mbona siwaoni wanawake wenu wako wapi, ndo wazee wa TANU wakamtafuta yeye. Sasa hebu fikiria, hana ofisi hana gari hana mshahara, anawapata wapi wanawake? Akaenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wale wanawake walishajipanga zamani, wana mwenyekiti wao, wana mweka hazina, wanachangiana kwenye harusi na misiba. Ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima. Hiyo ndo akili yake na hiyo ndo vitabu vingi vinaipita haraka haraka

*Binamu wa Mbagala:* Kumbe! Mi nilijua alikua anahutubia tu Mnazi Mmoja

*Mama Mdogo:* Nipo na Bibi yetu hapa ananiambia niandike. Anasema: "Mama yangu alikua mcheza lelemama, ile ngoma ya wanawake, pale Gerezani, alikata kadi ya TANU kabla ya baba yenu mkubwa, baba akanuna wiki nzima. Wanawake walikua wanaficha kadi kwenye kanga. Titi akisimama kusema hata wauza pombe wanaacha biashara wanakuja kusikiliza, haongei kizungu, anaongea kama tunavoongea sisi."

*Mdogo Wetu:* Bibi shikamoo!! Hiyo ya kanga naiandika

*Mama Mdogo:* Anasema marahaba mjukuu wangu, andika vizuri.

*Mjomba wa Temeke:* Baada ya uhuru akawa mbunge wetu Rufiji, na waziri mdogo, na UWT, yaani umoja wa wanawake, ilipoanzishwa 1962 ndo kiongozi wake. Hapo mtoto amalizie, inatosha. Yale ya baadae mambo ya serikali, marehemu tumsitiri.

*Shangazi Mwalimu:* Kaka nakuheshimu ila hapo sikubali. Kumsitiri ni kutomsema vibaya, sio kumkatia maisha yake nusu. Alishindwa kura Rufiji 1965. 1967 likaja Azimio la Arusha, kiongozi haruhusiwi kupangisha nyumba, yeye alikua na nyumba za kupangisha, akajiuzulu kamati kuu ya TANU. 1969 akakamatwa, akashtakiwa uhaini pamoja na Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi, na baadhi ya wanajeshi, wakahukumiwa, yeye kifungo cha maisha. 1972 Mwalimu Nyerere akamsamehe akatoka. Akatoka mumewe keshamwacha na watu wengi wa siasa hawamsogelei

*Binamu wa Mbagala:* Daah. Mtu aliyezunguka nchi nzima kuitafutia uhuru

*Mjomba wa Temeke:* Sikatai, nilikua kijana mimi, nakumbuka watu walivyokua wanashusha sauti wakitaja jina lake. Ndo maana nasema kwa uchungu. Lile jambo liliwaumiza watu wazima humu ndani.

*Mama Mdogo:* Bibi kanyamaza kidogo sasa anasema: "Mwambieni mjomba wenu aache aandikwe. Tulipoogopa tulimwacha peke yake miaka mingi. Tusimwache tena kwa kunyamaza."

*Mjomba wa Temeke:* Haya mama. Nimekubali. Aandike yote.

*Shangazi Mwalimu:* Asante kaka. Na mwanangu usisahau 1991, miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama likamtaja shujaa wa uhuru. Barabara ile ilikua inaitwa UWT, ndo ikapewa jina lake. Umoja aliouongoza ndo uliompisha, hiyo mi naipenda sana.

*Mdogo Wetu:* Shangazi mbona sijawahi fundishwa hii ya ngoma?

*Shangazi Mwalimu:* Kwa sababu waliotuandikia walikua wanaangalia mkutanoni, hawakwenda uani. Wanawake wa uani ndo waliojaza ule mkutano.

*Binamu wa Mbagala:* Bibi anajua nyimbo za lelemama bado?

*Mama Mdogo:* Kashaanza kuimba jamani 😂 nachaji simu nirekodi, ijumaa mje wote baada ya swala, kila mtu na simu yake, mdogo wetu njoo na daftari