Mrejesho: Mashua kuukuu ya tanga, Kigoma

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kuchagua mashua kuukuu ya tanga kwa safari za kandokando ya Ziwa Tanganyika. Aliyenishauri nidunge mbao kwa ncha ya kisu kabla ya kusifu rangi aliniokoa, kwani mashua ya kwanza, iliyong'aa kama bibi harusi, ilikuwa imeoza mkuku, yaani boriti kuu ya chini, nami nikaiacha. Niliyoinunua Ujiji ina mbao imara, ingawa tanga lake limechakaa kuliko nilivyodhani. Kuiloweka siku 3 ili mbao zivimbe kulisaidia nusu tu: maungio mawili karibu na usukani bado yanavuja, na fundi atayatia upya kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa. Safari ya Hifadhi ya Gombe itangoja upepo wa kusi utulie.