Tishu zinazobaki baada ya upasuaji: mstari mmoja wa ridhaa unatosha?

mtunza_sampuli:
Wakuu, habari. Watafiti wanaomba masalio ya uvimbe, mengine yagandishwe, mengine yawekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu). Fomu ya upasuaji ina mstari mmoja tu: "tishu zinaweza kutumika kwa utafiti". Unatosha? Na mbona RNA (molekuli za seli zinazobeba nakala za maelekezo ya vinasaba) inatoka imekatikakatika?

mjumbe_maadili:
Hautoshi. Anayesaini fomu ile anawaza kupona, na anaweza kudhani akikataa hatapasuliwa. Andaa fomu ya peke yake, na anayeomba saini asiwe daktari mpasuaji. Iseme tishu zitatunzwa muda gani, kama vinasaba vitasomwa, kama zitavuka mpaka, kama kampuni itazitumia. Hapo kwenye kampuni ndipo wengi huanza kuzungukazunguka, andika wazi. Tishu haiuzwi, kinacholipwa ni gharama za kukusanya, kutunza na kusafirisha. Akijitoa, zilizobaki zinateketezwa, ila matokeo yaliyokwisha kuchapishwa hayarudi. Alijue hilo kabla hajasaini. Seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani wa Marekani, zilichukuliwa mwaka 1951 bila yeye kuombwa, na ubishi haujaisha.

maabara_usiku:
RNA: kagua kwanza muda uliopita kabla ya kugandisha, friza baadaye. Andika dakika uvimbe ulipokatiwa damu, ulipotoka mwilini na ulipogandishwa. Ukikaa kwenye trei vimeng'enya vinaendelea kuila RNA. Lenga isizidi nusu saa.

Mwanapatholojia (daktari anayechunguza tishu) achukue za uchunguzi wa mgonjwa kwanza. Kisipobaki kitu, mtafiti akose.

Kipande kiwe na unene usiozidi milimita 5. Ukikitumbukiza moja kwa moja kwenye nitrojeni ya kimiminika, utando wa mvuke unakizingira, kinaganda polepole na chembe za barafu zinatoboa seli. Tumia isopenteni, kimiminika kisichofanya utando huo, iliyopozwa kwa nitrojeni hiyo mpaka ianze kuganda chini ya kikombe. Kisha friza ya nyuzi -80 za Selsiasi.

Fomalini iwe ya 10% yenye bafa (kemikali ya kuzuia isiwe na asidi), ujazo angalau mara 10 ya tishu, saa 6 hadi 72. Kipande kinene kinaiva nje, ndani kibichi.

mtunza_sampuli:
Asante. Na majina ya wagonjwa?

mjumbe_maadili:
Kwenye chupa ni msimbo tu, usiotokana na namba ya faili wala tarehe ya kuzaliwa. Orodha inayounganisha msimbo na jina isifike kwa mtafiti, lakini usiichome: bila hiyo, aliyejitoa hutampata.

maabara_usiku:
Na lebo ziwe za friza, za kawaida zinabanduka. Ukisafirisha kwa barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) usizibe boksi kabisa; gesi ikikosa pa kutokea, litapasuka.